Huyu mbu ana siku ngapi?

Nimekuwa kimya kidogo. Kazi ya gazeti mnaijua: ukirudi nyumbani saa nne usiku, hamu ya kuangalia herufi huna tena. Leo nimepata mwanya, na nina jambo ambalo limekosa nafasi gazetini, nikaona nilimwage hapa. Linahusu mbu. Usikimbie! Linahusu mbu na mwanga.

Tuanze na swali dogo. Mbu akikuuma leo usiku, uwe Sinza, Mbagala au Mwanza, unajua ana siku ngapi tangu azaliwe? Cheka tu, lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama amekuachia muwasho au amekuachia malaria.

Sababu ni hii. Mbu hazaliwi na malaria, anaipata kwa mtu. Anofelesi jike (dume hanywi damu, jike ndiye anayeihitaji kwa ajili ya mayai) humuuma mtu mwenye vimelea. Vimelea vinaingia tumboni mwake, vinapenya ukuta wa tumbo, vinazaliana huko, halafu vinasafiri mpaka kwenye tezi za mate. Safari hiyo huchukua kama siku 10 hadi 14, kutegemea joto la mahali. Mbu wengi hufa kabla haijakamilika. Kwa hiyo mbu kijana hata akuume mara tano usiku mmoja, malaria hana ya kukupa. Wa kuogopwa ni mzee, yule aliyevuka vyandarua, mijusi, popo na makofi yetu yote, na bado anadunda.

Sasa twende kwenye hesabu, nayo ni nyepesi. Chukua mbu 1,000 walioingiza vimelea siku moja. Tuseme katika kila mbu 100, mbu 90 wanaiona kesho yake. Baada ya siku 12 watakuwa wamebaki kama 280. Sasa leta kitu kinachowasumbua, chandarua chenye dawa kwa mfano, ili wanaoiona kesho washuke kutoka 90 hadi 80. Baada ya siku zile zile 12 watabaki kama 70 tu. Umepunguza kidogo kwa siku, lakini wazee wenye hatari wamebaki robo. Mwingereza mmoja, George Macdonald, aliionyesha hoja hii kwa hesabu nzito zaidi miaka ya 1950.

Na hapo ndipo penye mtego. Kila siku madimbwi yanatoa mbu wapya. Ukiingia chumbani ukawahesabu, unaweza kuona bado ni wengi ukadhani hakuna kilichobadilika, kumbe wengi wao ni watoto. Au ukaona ni wachache ukashangilia, kumbe hao wachache ni vikongwe. Idadi peke yake inadanganya.

Mimi jambo hili halinigusi kama mwandishi tu. Mama yangu ni mtu wa bonde la Kilombero, kule kwenye mpunga. Msimu wa kilimo familia zinahama kijijini na kwenda kuishi kwenye vibanda vya shamba, wiki baada ya wiki, mbali na zahanati. Mdogo wake mama wa mwisho, ambaye leo ningekuwa namwita mjomba na kumwomba nauli, alifia kwenye kibanda cha namna hiyo akiwa na miaka mitatu. Nyumbani walisema ni degedege. Niliwahi kumuuliza bibi kama mwaka ule mbu walikuwa wengi kuliko kawaida. Akanijibu, "Mbu wako siku zote, mjukuu wangu. Wengi walikuwa mwaka wa nyuma yake, na hakuna aliyeugua." Wakati ule sikumwelewa. Sikujua kwamba kuna watu wazima, wenye shahada zao, wanaolichunguza jambo hilo hilo.

Haya, sasa umri wa mbu unaujuaje? Cheti cha kuzaliwa hana.

Njia ya zamani ni kumpasua. Unamweka mbu chini ya hadubini, unachukua sindano nyembamba, unamtoa ovari na kuzichunguza. Ovari za mbu aliyewahi kutaga hazifanani na za ambaye hajataga, na kila utagaji huacha alama yake ndogo. Wanasayansi wa Kisovieti ndio walioikuza njia hii, na mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha mmoja wao, Detinova. Hapa kwetu Gillies na Wilkes waliitumia kwa mbu wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Piga picha: mbu mmoja, ovari mbili, jicho moja kwenye lenzi, halafu mbu mwingine, halafu mwingine. Kazi ya macho na subira. Haiwezi kufanywa kwa maelfu ya mbu katika kila wilaya kila mwezi.

Sasa uingie mwanga.

Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo ukatawanyika kuwa rangi, kisha akaweka vipimajoto kwenye rangi hizo. Akaweka na kimoja pembeni, baada ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto hicho kikapanda kuliko vingine. Kumbe kuna mwanga tusiouona! Leo tunauita infraredi.

Mwanga huu una tabia moja ya ajabu. Molekuli ni atomu zilizoshikana, na mshikano wao hautulii, unachezacheza kama springi. Kila aina ya mshikano ina mwendo wake. Mfikirie mtoto kwenye bembea: ukimsukuma bila mpangilio haendi popote, ukimsukuma kwa kufuata mwendo wa bembea yenyewe anapaa. Mwanga wa infraredi unaofuata mwendo wa mshikano fulani humezwa na mshikano huo, na usiofuata hupita. Mshikano wa kaboni na haidrojeni, ambao umejaa kwenye nta na mafuta, humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 3.4. Protini humeza sana kwenye mikromita 6 hivi. Ukichora mchoro wa kilichomezwa na kilichopita, unapata mstari wenye milima na mabonde, na mstari huo ni kama sahihi ya kitu hicho. Taaluma ya kuisoma mistari hiyo inaitwa spektroskopia.

Basi, ngozi ngumu ya mbu imetengenezwa kwa kitini, protini na nta, na mchanganyiko huo hubadilika kadiri mbu anavyoishi. Sisi tunaota mvi. Yeye anabadilika kemia ya ngozi.

Ifakara, mji wa bonde lile lile la kina mama yangu, kuna Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti wake, kina Doreen Siria, Emmanuel Mwanga na Fredros Okumu, wakishirikiana na wenzao wa Glasgow na Burkina Faso, wameifanya ngozi hiyo iseme. Mbu anauawa, anakaushwa, kichwa na kifua chake vinabanwa juu ya kipande kidogo cha almasi. Ndiyo, almasi! Mwanga wa infraredi unapita ndani ya almasi hiyo, unamgusa mbu pale alipobanwa, unarudi na mstari wake. Jicho la binadamu likiangalia mstari wa mbu wa siku tatu na wa siku kumi na mbili halioni tofauti ya maana. Kwa hiyo wanaifundisha kompyuta: wanaipa mistari ya mbu ambao umri wao unajulikana kwa sababu wamefugwa, mpaka inajifunza kuwatofautisha yenyewe.

Mwaka 2022 walichapisha kazi iliyotumia mistari ya mbu zaidi ya 40,000 wa jamii tatu, gambiae, arabiensis na coluzzii. Kompyuta ikawa inatambua kwa pamoja mbu ni wa jamii gani na yuko kundi gani la umri. Kabla ya hapo, mwaka 2019, mwanga huo huo walikuwa wameutumia kutambua damu iliyo tumboni mwa mbu kama ni ya mtu, ng'ombe, mbuzi au kuku. Mwaka huo huo waliuelekeza kwenye matone ya damu yaliyokaushwa ya watu 296 wa kusini-mashariki mwa Tanzania, wakitafuta malaria, na majibu yakaafikiana na kipimo cha vinasaba kwa asilimia 92.

Msidhani nauza dawa ya miti shamba hapa. Matatizo yapo. Mashine yenyewe bei yake ni ya gari, si ya pikipiki. Mbu aliyelelewa maabara kwa maji ya sukari si sawa na wa mtaani aliyekulia dimbwini, na kompyuta iliyofundishwa kwa mbu wa sehemu moja huweza kupotea ikipewa wa sehemu nyingine mpaka ionjeshwe wachache wa huko. Halafu kuna suala la funestus. Utafiti wa bonde la Kilombero uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba jamii hii ndiyo iliyobeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi, ingawa arabiensis walionaswa walikuwa wengi kuliko wao. Mnaona? Wachache ndio waliokuwa wauaji. Sasa katika zile jamii tatu za mwaka 2022, funestus hakuwemo. Ilibidi afanyiwe kazi yake, na utafiti wa kumgawa kwa makundi ya umri ulitoka mwaka 2024.

Sasa kwa nini nimelileta hapa? Mhariri wangu, ambaye namheshimu sana, alisoma aya mbili za kwanza akaniuliza, "Kijana, hapa habari iko wapi? Kuna waziri? Kuna vifo?" Nikamwambia vifo vipo, mzee: takriban watu 597,000 duniani kwa mwaka 2023 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na 95 katika kila 100 ni wa kanda ya Afrika. Akasema hiyo ni takwimu ya kila mwaka, haina jipya. Tukaachana kwa amani, ukurasa ukaenda kwa mambo ya uchaguzi wa chama fulani.

Lakini swali lake limenikaa. Habari iko wapi? Nimekaa kwenye mikutano mingi ya waandishi na maofisa wa afya, na hadithi ni ile ile: vyandarua kadhaa vimegawiwa, kaya kadhaa zimefikiwa, makofi, chai, picha ya pamoja. Tunaandika idadi ya vyandarua kwa sababu ndiyo inayohesabika kutoka mezani. Chandarua ni kitu kizuri, mimi mwenyewe nalala ndani ya chandarua. Ila chandarua hakipewi familia ili kihesabiwe. Kinapewa ili mbu afe kabla hajazeeka. Na tunajua mbu wa sehemu nyingi za nchi hii wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, zile zile zilizotumika kwenye vyandarua kwa miaka mingi. Mbu sugu akitua kwenye chandarua haanguki. Anajipangusa, anaondoka, anaongeza siku. Vyandarua vikiwa vingi na mbu wakazidi kuzeeka, takwimu ya mezani itang'aa huku mtoto kwenye kibanda cha shamba anatetemeka.

Habari iko hapo. Iko kwenye pengo kati ya kinachogawiwa na kinachotokea. Zamani pengo hilo lilionekana kwa kupasua ovari tu, na nani angefanya hivyo kila mwezi katika kila wilaya? Leo kuna vijana wa rika letu, hapa hapa nchini, wanaoweza kulisoma kwenye mstari wa mwanga. Bado kazi yao haijawa kipimo cha kawaida cha kila wilaya, na pengine itahitaji miaka na fedha. Fedha haziendi mahali ambapo hakuna anayeuliza, na kuuliza ndiyo kazi tunayolipwa sisi, hata kama mshahara unachelewa.

Kwa hiyo mkutano ujao wa vyandarua nitanyoosha mkono kama kawaida. Nitaandika idadi watakayonipa. Halafu nitamuuliza mheshimiwa kama katika wilaya yake kuna mtu anayejua mbu wanaishi siku ngapi, na kama zimepungua au zimeongezeka tangu ugawaji wa mwisho. Wenzangu wa magazeti mengine, nikikatiwa kipaza sauti, tafadhali mmoja wenu amalizie.