Majibu Yalipoanza Kufika Karagita

Mwaka 2003, Kenya ilipopima virusi vya ukimwi kwa mara ya kwanza ndani ya utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, matone ya damu yalikaushwa kwenye karatasi na majina yakaachwa kando ili siri isivuje. Aliyetaka kujua hali yake alielekezwa VCT, kituo cha ushauri na upimaji wa hiari. Nilipoingia kazi ya kuchukua sampuli pande za Naivasha, bado tulipanga hivyo: tulijua damu itaendaje, hatukujua nini kitarudi.

Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa maua huko Naivasha, ilitubadilisha. Ukifika saa nne asubuhi, ploti nzima ina kufuli. Wapangaji walishapanda basi za mashamba ya maua alfajiri. Tungeandika waliobaki tu, tungepata picha ya mtaa usio na wafanyakazi wake. Tukahamia jioni na Jumapili baada ya kanisa, na tukaepuka majuma ya kuelekea Valentine, shifti zinaporefuka.

Jioni nayo ina masharti yake. Damu ya mshipani yataka kikasha cha barafu na gari la kuiwahisha maabara. Ya kidoleni husubiri: unajaza viduara vya karatasi, unaianika usiku kucha bila kadi kugusana, unaifunga na vipakiti vya kunyonya unyevu. Ndani tuliweka kikadi cha buluu. Kikigeuka waridi, unyevu umeingia, badilisha vipakiti upesi.

Lakini watu hawakuniuliza habari za barafu. "Daktari, damu mmechukua. Majibu je?" Walikuwa na haki kabisa. Katika KAIS, utafiti wa kitaifa wa ukimwi wa 2007, majibu yalifuatwa kituo cha afya baada ya majuma kadhaa. Hiyo ilikuwa hatua, ila kwa mchuma maua ni kuomba ruhusa kazini, na huenda amekwisha kuhama ploti. Utafiti wa kitaifa uliofuata baadaye, KENPHIA ya 2018, ulipima watu nyumbani na kuwapa majibu papo hapo. Kwa waliokutwa na virusi, majibu ya kipimo cha wingi wa virusi yalipelekwa kituo cha afya walichochagua wenyewe. Kwangu hayo ni makubwa kuliko mashine yoyote.

Siku hizi sikubali mpango wowote kabla haujasema nani ataleta majibu, saa ngapi, na mwenyewe akiwa amehamia mtaa mwingine kama Kihoto au Kamere, atafikiwaje bila jirani kujua anatafutwa kwa nini.