Ukimya Kati ya Maneno Yetu



Wapendwa taifa la Mungu, majuma matatu yaliyopita tulikwenda kumpa pole mama mmoja wa parokia yetu, aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Tulifika na stola, kitabu cha sala na, kama ilivyo desturi yetu sisi mapadre, maneno tayari mdomoni. Tukamwambia kuwa Mungu ana makusudi yake, na kuwa ufufuko upo. Hayo ya ufufuko ndiyo imani yetu. Lakini muda wote tuliosema, mama yule alikuwa akiutazama mkeka. Kando yake aliketi jirani, bibi mzee, ambaye tangu tulipoingia hakutamka neno. Alimshika mkono tu. Tulipoinuka kuaga, mfiwa alitushukuru kwa adabu, kisha akamwegemea bibi yule begani, akalia. Mbele ya maneno yetu hakuwa amelia.

Njiani tuliwakumbuka rafiki watatu wa Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema lolote, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa. Kosa lao lilianza walipofumbua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea kwa yale waliyoyanena juu yake. Kwa zile siku 7 hawakemei.

Papa Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa Siku ya 46 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mwaka 2012, aliuweka ukimya ndani ya mawasiliano, si nje yake: anayenyamaza humpa mwenzake nafasi ya kusema. Sisi tumezoea kuuogopa. Wahenga nao walituonya kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu akinyamaza sebuleni twauliza amekasirishwa na nani.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Anayejua kuwa mtoto anateswa katika nyumba ya jirani, naye akafunga mdomo, huyo hasali, anashiriki uovu. Kunyamaza kwa namna hiyo ni dhambi, nasi Wakatoliki tunapaswa kulisema hilo bila kumung'unya maneno.

Tulipoitazama Misa yetu tuliona haya. Mwongozo wa Misale ya Kiroma, namba 45, unautaja ukimya mtakatifu kuwa sehemu ya adhimisho lenyewe: wakati wa kutubu, padre anapokwisha kusema "Tuombe", baada ya somo au mahubiri, na baada ya Komunyo. Unasifu hata kunyamaza kanisani na katika sakristia kabla ya Misa kuanza. Kwetu, "Tuombe" na sala yenyewe hufuatana bila hata kuvuta pumzi, na kosa hilo si la waamini, ni letu altareni. Na baada ya Komunyo, mtu angali na Bwana kinywani, husomewa michango ya ukarabati na namba ya gari lililoziba njia.

Jumapili iliyopita tulijaribu. Baada ya Komunyo tuliketi. Kwaya ilitutazama ikingoja ishara. Mhudumu wa vipaza sauti alidhani kimoja kimeharibika, akakigonga mara mbili. Mtoto alilia, akabembelezwa. Kisha, polepole, kanisa likatulia hata tukasikia mabati yakialika kwa jua. Mama yetu mfiwa alikuwapo, benchi la nne, na bibi yake kando. Alichomwambia Mungu hatukijui, wala hatukumwuliza.

Kuanzia Jumapili ijayo, matangazo yatasomwa baada ya sala ya baada ya Komunyo. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tafadhali yaandikeni kwa ufupi.