Mashini ya Kukata Majani na Chupa ya Kupimia

Wengi wenu mlisoma katika masomo ya misioni, nanyi mwaikumbuka siku ya kazi: kila mtoto na kupekupe lake, mgongo umepinda, umande miguuni. Sisi nasi tulikata majani hivyo miaka mingi, kwanza tukiwa wanafunzi, halafu tukiwa waalimu wa kuwasimamia wengine. Basi wazazi walipochanga fedha na kununua mashini ya kukata majani, ile ya kuvaa begani, yenye mpini mrefu na uzi wa nailoni unaozunguka kwa kasi, tulifurahi kuliko watoto wenyewe.

Uzi huo una habari yake. Mwaka 1971, huko Houston, Marekani, bwana mmoja jina lake George Ballas aliona jinsi burashi za nailoni zilivyozunguka zikiosha gari lake. Akawaza: kwa nini kitu kama hicho kisikate majani kandokando ya miti bila kuchubua maganda yake? Akatoboa kopo la bisi, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashini yake. Kumbe yatosha kutazama vema!

Sisi hatukutazama vema. Mashini yetu ilikuja na kitabu kidogo, tukakisoma jioni moja, tukakifungia kabatini. Asubuhi tulimwonyesha mzee mlinzi wa masomo jinsi ya kuiwasha: kubonyeza kile kipira kidogo mpaka esansi ionekane ndani yake, kufunga hewa ikiwa moteri ni baridi, kuvuta kamba, halafu kufungua hewa moteri ikishika. Tulimkabidhi pia bidoni ya esansi tuliyoichanganya wenyewe. Lakini kwamba imechanganywa, na kwa sababu gani, hatukumwambia.

Bidoni ikaisha. Mzee akanunua esansi barabarani, safi, akaijaza. Alikata robo ya kiwanja, moteri ikalia kwa sauti kali, ikanyamaza. Kamba haikuvutika tena.

Tulikasirika, wala hatufichi. Tulimwambia kwamba atalipa kidogo kidogo katika mshahara wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwalimu, pikipiki ya mwanangu hunywa esansi tupu, haifi. Nani aliniambia kwamba hii ni tofauti?»

Hatukuwa na jibu. Pikipiki nyingi za siku hizi zina moteri ya mapigo manne, nayo mafuta yake ya kulainisha hukaa mahali pake, mbali na esansi. Moteri ya mashini yetu ni ya mapigo mawili. Haina tumbo la kuwekea mafuta hayo. Lazima yaingie pamoja na esansi ili yalainishe pistoni na vyuma vinavyozunguka. Yasipokuwamo, chuma hukwaruza chuma, joto hupanda, pistoni hung'ang'ania katika silinda. Fundi alipoifungua, pistoni ilikuwa na mistari kama shamba la matuta. Sisi ambao kazi yetu ni kufundisha tulimtaka mtu alipe somo ambalo hatukumpa. Tulimwomba radhi, na gharama tukaichukua sisi.

Tangu hapo kitabu kimetoka kabatini. Mashini yetu yataka sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za esansi: katika bidoni ya litre 5, mililita 100. Nyingine zataka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 200. Kila mmoja asome kitabu cha mashini yake. Tunatikisa bidoni kabla ya kumimina, na moteri ikiwa ya moto tunangoja ipoe. Sifongo ya kuchujia hewa tunaiosha kwa maji ya sabuni na kuikausha, maana vumbi la kiangazi huiziba upesi. Likizo ikikaribia tunamwaga esansi yote, kwani ikilala miezi hugandisha uchafu katika karburateri.

Jambo moja tulimkataza mzee kwa ukali, na safari hii tulimweleza sababu. Uzi ulipokwisha alitaka kufunga kipande cha waya. Waya hukatika, na kipande chake huruka kama risasi. Hata uzi wenyewe hurusha mawe. Kwa hiyo huvaa miwani na viatu vigumu, na watoto wote hukaa mbali, mita 15 au zaidi. Kuwashika watoto mita 15 kutoka kwenye mashini inayonguruma, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote!

Mzee ametafuta chupa ndogo, akaikwangua alama ya mililita 100 kwa msumari. Juma lililopita tulifika na bidoni tukiwa na haraka. Aliitwaa mikononi mwetu, akaenda kupima mwenyewe, nasi tukangoja. Deni la fundi litakwisha mwisho wa mwezi ujao.