Bwana Msa katika Soko la Burma

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, riwaya ya upelelezi imezoea kukaribishwa barazani bila kutandikiwa mkeka. Hutajwa, ikaainishwa kuwa fasihi pendwa, kisha mjadala ukahamia kwa Kezilahabi. Ndivyo alivyofunzwa mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Kaloleni jijini Nairobi, naye aliamini kwamba fumbo la mauaji likishafumbuliwa, kitabu hakina tena la kusema. Tasnifu yake juu ya riwaya ya Zanzibar haikuwa na sura hata moja kuhusu Muhammed Said Abdulla.

Aliyemtikisa ni mjomba wake, muuza nyama katika Soko la Burma, hatua chache kutoka mtaani kwao. Mzee huyo alikuwa na nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, jalada limeng'oka, kurasa zimeshika mafuta. Wateja wakipungua, huifungua popote.

"Lakini mjomba, aliyeua unamjua tangu zamani. Unasoma nini tena?"

"Sisomi nani aliua, mwanangu. Nasoma watu walivyokuwa wakifichana."

Jibu hilo lilimrudisha kitabuni. Riwaya hii ilishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957-58, ikachapishwa 1960, Zanzibar ingali chini ya Sultani na himaya ya Waingereza. Abdulla aliandika juu ya siku zake mwenyewe. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaipindua dunia ile, na kitabu kikageuka riwaya ya kihistoria bila kubadilishwa herufi. Maiti inapopatikana mzimuni, wengi huuogopa mzimu. Bwana Msa hutafuta mkono wa mtu. Hapo ndipo penye uzito. Kumwuliza mtu nasaba yake ni utovu wa adabu. Palipo na mauaji, swali hilohilo huwa wajibu. Upelelezi ulimpa mwandishi ruhusa ya kuingia nyumba ambazo riwaya nyingine ingebishia hodi tu.

Wahakiki hupenda kutaja kiko cha Sherlock Holmes, nao hawakosei, ila wengi huishia hapo. Ni nadra kukumbuka kwamba kabla ya kuingia magazetini Abdulla alikuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, kazi ambayo wauza nyama wa Burma, wanaosubiri mhuri kila siku, wangeielewa upesi.

Mwanafunzi akaanza kuyauliza hata majina aliyokulia. Burma ni nchi walikopigana askari wa King's African Rifles mwaka 1944. Sokoni, jina hilo hutamkwa pamoja na bei ya matumbo.

Sura ya Abdulla sasa imo katika tasnifu, pamoja na lawama: mwishoni Bwana Msa hueleza kila kitu, kana kwamba msomaji alikuwa amesinzia. Kurasa hizo mjomba huziruka.