Wimbo Ungali Mrefu

Karibu kila bendi niliyoijua utotoni ilijiita Jazz. Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz, na kutoka Kinshasa, OK Jazz ya Franco. Nilipokuja kuisikia jazz ya Wamarekani nilikuwa mtu mzima, na jina ndilo lililokuwa geni kidogo hapo. Kazi yenyewe, ya kupiga kitu ambacho hakuna aliyekitunga, nilikuwa nimeshafundishwa Uriri mwaka 1976.

Mwalimu alikuwa mjomba, mpiga solo wa bendi ndogo ya harusi na matanga. Baba yake alipiga nyatiti: nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa chombo, njuga zikiitikia. Wiki nzima sikuruhusiwa kugusa gitaa. "Msikilize babu yako," mjomba aliniambia, "hasa akinyamaza." Kweli, babu akifunga mdomo vidole viliendelea kusema. Vilirudia alichoimba, vikakigeuza kidogo, kama mtu anayemsimulia jirani wa pili habari aliyomsimulia wa kwanza.

Kisha zikaja santuri za mizunguko 45. Solo za Shirati zilikwenda mbio hata sikujua noti moja inaishia wapi. Mjomba akasogeza swichi ya gramafoni hadi 33. Sauti ya Misiani ikawa nzito kama ya fahali, lakini gitaa likafunguka, kila noti peke yake. Siku nne nikawa nimeikamata solo nzima. Niliporudisha kwenye 45 nipige pamoja nayo, tukagombana kabisa, mimi na santuri. Mwendo ukipungua, sauti nayo hushuka, na hapo ilikuwa imeshuka zaidi kidogo ya vyuma vitano vya shingo ya gitaa.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Akalaza penseli juu ya nyuzi, kwenye chuma cha tano, akaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Santuri ilikuwa bado juu kidogo. Nikakaza nyuzi, moja moja, mpaka tukapatana.

Kodi zetu zilikuwa tatu (sizisemi zile za chifu). Mjomba alishika rizimu na kuzibadili bila kunionya. Noti iliyokuwa tamu sasa hivi, kodi ikihama chini yake, inakuwa chungu, nawe uko juu yake umeduwaa. Hakunikataza kukosea. Alinikataza kusimama: sogea chuma kimoja, juu au chini, watu watadhani ulikusudia.

Miaka mingi baadaye, Nairobi, nilisikia kanda ya Mulatu Astatke, Mhabeshi aliyesomea Boston, akipiga vibrafoni. Anagonga pau moja ya chuma, anaiacha ilie, halafu ndipo anaongeza nyingine. Nikaona aibu ya usiku wangu wa kwanza jukwaani, Awendo, chini ya taa ya karabai. Waimbaji waliponyamaza mjomba alinipa ishara, nami nikamwaga kila nilichojua, santuri nzima na cha babu juu yake. Nikamaliza. Watu walikuwa ndio kwanza wanaanza kucheza.

Mjomba akaniinamia sikioni. "Mpwa, wimbo ungali mrefu."

Nilikuwa nimebakiwa na noti mbili. Nikazipiga hizo.