Mbita: ughaibuni ulio karibu na nyumbani

Zipo njia mbili za kufika Mbita. Anayetoka upande wa Siaya huvuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno, na anayetoka Kisumu au Kisii hupitia mjini Homa Bay, kisha akaelekea magharibi hadi nchi kavu inapokaribia kwisha. Ujie njia ipi, kitu cha kwanza kukulaki ni harufu ya omena walioanikwa juani.

Mvulana au msichana anayesomea kilimo humu nchini, ukimwuliza angependa kwenda wapi kujifunza zaidi, atakutajia Israeli, Uholanzi au Marekani. Ni nadra kuisikia Mbita ikitajwa. Hata hivyo, wapo Waafrika wa nchi nyingine ambao kwao Mbita ndiyo ng'ambo yenyewe. Kando ya ziwa kipo kituo cha ICIPE, taasisi ya kuchunguza wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Msomi huyo alipitia Makerere na Cambridge, kisha akarudi kujenga nyumbani kile alichokiona ugenini. Tangu mwaka 1983 taasisi hiyo, yenye makao makuu Kasarani, Nairobi, imekuwa ikiwapokea wanafunzi wa shahada ya uzamifu kutoka pande nyingi za Afrika. Kituo cha Mbita leo kina jina lake.

Ili uelewe wanachokuja kujifunza, msomaji, tazama shamba la mahindi la jirani. Ukiona maua mazuri ya zambarau chini ya mahindi yaliyodumaa, usiyasifu. Hiyo ni kayongo, kama Wajaluo waitavyo, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kunyonya chakula chake. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mahindi yapandwe tena. Mkulima hupalilia hadi mgongo unamuuma, na msimu ujao gugu liko pale pale.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda desmodiamu katikati ya mistari ili harufu yake iwafukuze nondo wanaotaga mayai, na kulizungushia shamba nyasi za nepia ziwavute nje. Ndipo walipogundua jambo ambalo hawakulitarajia: palipokuwa na desmodiamu, kayongo ilipungua sana. Mizizi yake hutoa kemikali inayolizuia gugu lisishike mahindi. Mmea huo pia hurutubisha udongo, nayo majani yake na yale ya nepia hulishwa ng'ombe. Wakulima wakaiita njia hiyo vuta-sukuma, na sasa inatumika katika nchi kadhaa za Afrika.

Ukivuka daraja kuingia kisiwa cha Rusinga, utafika kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969. Jengo lililo juu yake lina umbo la risasi. Mboya ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika mpango wa kuwasafirisha vijana kwenda kusoma Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka mwaka 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru na ilihitaji watu wa kuiendesha, kwa hiyo kila aliyepanda alijua kwamba nyumbani anangojewa.

Je, kijana wa leo anangojewa na nani? Ukirudi Homa Bay ukashika njia ya Rodi Kopany hadi Rongo, umeingia Kaunti ya Migori, na swali hilo linakuwa gumu zaidi. Hapa mvua ni nzuri. Awendo ni miwa mitupu na kiwanda cha sukari. Ukienda mbele, kuna wakulima wa tumbaku, ambao tangu mwaka 2022 wamekuwa wakihimizwa na mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa wapande maharagwe yenye madini ya chuma. Lakini teremka Nyatike, katika kaunti hiyo hiyo, na utakuta nchi kame inayolitazama ziwa huku mimea ikikauka.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyekwenda Arava, jangwa la kusini mwa Israeli. Huko vijana wa Afrika na Asia hukaa karibu mwaka mzima, siku nyingi za juma wakifanya kazi shambani na muda mchache wakiwa darasani. Amejifunza kumwagilia kwa matone. Akirudi Rongo na elimu hiyo, huenda asipate pa kuitumia. Akiipeleka Nyatike au Mbita, anaweza kuvunisha pilipili mahali ambapo babu yake alivuna mawe.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza. Je, mwanangu anakwenda kusoma au kufanya kibarua? Mshahara utakatwa nini? Usalama ukoje? Oktoba 7, 2023, wanafunzi wawili Watanzania waliokuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo waliuawa. Hilo halipaswi kusahaulika tunapotia sahihi fomu za safari.

Hata hivyo, kumfungia kijana nyumbani si dawa. Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kabla ya kuomba viza, basi, na afunge safari ya Homa Bay na Migori wakati wa likizo. Aishike kayongo kwa mkono wake, ampalilie mkulima shamba kwa siku mbili, na amwulize ni shida gani imemshinda. Akipanda ndege akiwa na swali la mkulima huyo moyoni, atajua ni nini cha kutafuta huko aendako, na atakaporudi hatakosa wa kumpokea.