Dirisha la Jicho

Mbele ya jicho, juu ya mboni, pana utando mwembamba ulio mwangavu kama kioo. Jina lake ni konea. Katikati unene wake ni kama nusu ya milimita tu, wala hauna mishipa ya damu ndani yake, maana kama ungekuwa nayo nuru isingepita vema. Kope huulinda, machozi huuosha, na ngozi yake ya juu huvizuia vijidudu visiingie. Ngozi hiyo ikiwa nzima, vijidudu vilivyo vingi hushindwa. Ikichubuka, hupata mlango.

Nataka kuwaelezeni jambo lililotokea katika jamaa yetu, mpate kuona jinsi mlango huo ulivyo mdogo, na jinsi hasara yake ilivyo kubwa.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani, tena mkulima wa mpunga. Wakati wa mavuno ya mwaka 2008, suke la mpunga lilimchoma jicho la kulia. Alilifuta kwa kiganja, akaendelea na kazi. Siku ya pili jicho likawa jekundu, akalifumbua kwa shida. Jirani mmoja, kwa nia njema, akamletea maji ya majani yaliyotwangwa, akatiwa. Siku ya tatu hakuweza kustahimili nuru. Usaha ulikuwa ukimtoka, na juu ya mboni pakaonekana doa jeupe. Ndipo mama aliponiambia, "Mpeleke mjomba wako hospitali leo hii. Usingoje kesho."

Daktari alimtia tone la dawa yenye rangi, akamulika kwa taa ya buluu, na kidonda kikang'aa rangi ya majani mabichi. Kisha akamtia dawa ya ganzi, akakikwaruza kidonda kidogo sana, akaupaka ute wake juu ya kipande cha kioo, akautia rangi na kuutazama kwa hadubini. Njia hiyo ya kuvitambua vijidudu kwa rangi ilibuniwa na Hans Christian Gram, mtu wa Denmark, mwaka 1884. Daktari akanieleza, "Kidonda cha namna hii huweza kuletwa na bakteria, au na kuvu itokayo katika mimea, na dawa ya huyu haimfai yule. Kwa hiyo twatazama kwanza." Alichoona ni bakteria.

Mjomba akaandikiwa matone ya kuua bakteria, tone moja kila saa, mchana na usiku, kwa siku 2 za kwanza. Nilishangaa, lakini sababu yake ni wazi: machozi huiondoa dawa upesi, na konea haina damu ya kuiletea dawa nyingine. Nikakaa kando ya kitanda nikiitazama saa. Usiku wa manane mjomba alinisihi, "Niache nilale, mwanangu." Mwuguzi akamjibu kwa upole, "Pole, mzee. Vijidudu havilali." Nasi tukaendelea hata alfajiri.

Siku ya nne maumivu yalipungua, na baada ya majuma machache kidonda kikafunga. Lakini kufunga kwa kidonda si kurudi kwa nuru. Mahali palipoliwa na bakteria pakabaki kovu jeupe, na dawa haiwezi kulifuta kovu. Kwa jicho lile mjomba huona mchana na kivuli cha mtu, basi. Angali akishona kwa msaada wa jicho la kushoto, lakini uzi hutungiwa sindanoni na binti yake.

Baadaye nilisoma habari za Bhaktapur, wilaya ya wakulima katika nchi ya Nepali, ambako watu huvuna mpunga kama sisi na kuchomwa macho kama sisi. Huko watu wa vijijini walifundishwa kumtazama kila aliyechubuka konea, na kumpa marhamu ya kloramfenikoli mara 3 kila siku kwa muda wa siku 3. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2001. Watu 284 walianza dawa kabla ya saa 18 kupita tangu kuumia, na hata mmoja wao hakupata kidonda. Watu 49 walikawia kati ya saa 24 na 48, na katika hao 14 walipata ugonjwa wa jicho. Marhamu ilikuwa ile ile. Waliyopishana ni saa.

Basi, wanafunzi, mtu akichomwa jicho na suke, na jani la muhindi, au na kijiti, asilisugue. Asitie maji ya majani, wala maziwa, wala matone yaliyobaki katika chupa ya mtu mwingine. Na aende zahanati siku ile ile, ijapokuwa maumivu ni madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa konea ni kovu.

Pengine mzee wa nyumbani atasema, "Litapoa lenyewe." Mtoto hana amri juu ya mzee, lakini aweza kumwambia kwa adabu habari za watu wale 284, kisha akamshika mkono, wakaenda pamoja kabla jua halijatua.